Nyota ya Makame

Eda ilipokwisha, Shaame alikuja kuichukua darubini ya Makame, rafiki yake marehemu. Mjane, Mwanaidi, alimpandisha mwenyewe juu ya paa, giza likiwa limeshaingia.

“Kabla hujaiondoa, shemeji, nionyeshe hiyo nyota yake.”

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuambiwa achungulie. Shaame aliielekeza darubini, akamsogezea kigoda. Mwanaidi akafumba jicho moja. Katikati ya weusi akaona kinukta cha rangi ya chungwa, hafifu kama kaa linalotaka kuzimika.

“Ni hiki tu?”

“Ni hiki, shemeji. Ni ndogo kuliko jua, na haina joto kama lake, ndiyo maana ikawa na rangi hiyo. Bila darubini huioni. Makame alikuwa akipima mwanga wake, aone kama utapungua.”

“Ukapungua?”

“Haukupungua hata mara moja.”

Mwanaidi hakuliondoa jicho. Alikumbuka usiku ule binti yao alipozidiwa na homa; alimwita mumewe kutoka chini ya ngazi ya paa. “Nakuja,” Makame alijibu, “ngoja nimalize kabla ya mawingu.” Aliposhuka, mtoto alikuwa ameshafunikwa uso.

“Basi nyota yake ingemngoja,” Mwanaidi alisema.

Kinukta kilisogea polepole hadi ukingoni, kikapotea.

“Ni dunia inazunguka,” Shaame alieleza, akinyoosha mkono airudishe nyota.

Mwanaidi aliushika mkono ule akauzuia, huku jicho lake likiwa bado kwenye duara jeusi, tupu.