Harufu ya Thina

Chausiku alimkuta mumewe, Mwinjuma, amejiinamia nyuma ya choo, kitambaa kilicholowa thina ya kuyeyushia rangi amekibana puani. Kwa miaka ishirini alikuwa fundi wa kupaka magari rangi. Gereji ilishamwachisha kazi, lakini harufu ile haikumwacha.

“Baba Shani, si uliniapia umeacha?”

Mwinjuma akainua macho mekundu. “Shani ni nani?”

Binti yao alikuwa jikoni, akisikia.

Chausiku hakupiga kelele. Kelele zilimwishia mwaka jana. Akamnyang’anya kitambaa, akamnawisha uso, akamshika mkono kumpeleka hospitali.

Njiani Mwinjuma akasimama kwenye gari kuukuu lililoegeshwa, akaunyooshea mlango kiganja bila kuugusa.

“Ngoja,” akanong’ona, “rangi haijakauka.”

Chausiku, miguu ikimuuma, akasimama akangoja naye.