Ukuta wa Soko

Sikudhani alikuwa mtu mzima, lakini akili yake ilikwenda polepole, na mji mzima ulimwita zuzu. Asubuhi ile yeye na wenzake wa kituo cha watu wenye ulemavu wa akili walipanda ngazi wakaanza kuwachora watu wa mji kwenye ukuta wa soko. Wachuuzi walikuja kucheka, kisha baadhi yao wakaomba brashi.

Ghafla kicheko kilikatika. Mzee Kombo, mwenye bucha, alikuja na vijana waliobeba ndoo ya chokaa.

"Futeni mkosi huu," aliwaambia vijana wake. "Soko si mahali pa mazuzu."

Bi Rukia, mwalimu wao, aliishika ngazi. "Dada Sikudhani, shuka twende zetu."

Sikudhani aliogopa, lakini hakushuka. Alichovya brashi kwenye rangi nyekundu, akamnyooshea Kombo.

"Wewe bado sijakuchora, mzee," alisema. "Njoo tukuchore sote."

Nyuma ya Kombo wachuuzi walianza kumsogelea kimyakimya, wengine wangali na brashi mkononi, wengine wameokota mawe. Rangi ilidondoka kutoka brashi ya Sikudhani kwenye shati jeupe la Kombo, ikatambaa taratibu kuelekea chini.