Kila Siku Saa Kumi

Simu iliita nikiwa bado nimeishika plagi mkononi, ina joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

"Mke wangu, mtambo umezimika tena?" akauliza mjukuu wangu kutoka huko mbali alikohamia. Mtambo wake wa kazi, kompyuta kubwa, aliuacha hapa kwangu, chumbani kwake, na hufanya kazi nao kupitia mtandao akiwa hukohuko.

"Umezimika, mume wangu. Umekula lakini?"

Siku zote hapo hucheka, nasi huongea mpaka chai yangu inapoa. Mara ya kwanza niliing'oa plagi kwa bahati mbaya, nikifagia. Akapiga papo hapo, baada ya miezi miwili ya kimya.

Leo hakucheka.

"Bibi, tangu Jumatatu nimehifadhi kila mstari unaopita kwenye skrini. Nimesoma wote. Mtambo hauna ugonjwa. Unakatika kila siku saa kumi jioni, haupitishi hata dakika tano. Na bosi amesema akiukuta umezimika leo, kazi anampa mwingine."

Nilidhani mashine haina mdomo. Kumbe inasema hata usiyoiuliza.

Niliinama taratibu, magoti yakalia, nikairudisha plagi ukutani. Taa ya kijani ikawaka.

Simuni nilisikia vidole vyake vikibonyeza, kisha vikasimama.

"Umewaka," akasema polepole. "Bibi, saa kumi huwa unafanya nini?"

"Huwa nakusubiri unipigie, baba."