Asiyesimama Ndiye

Geti la metro lilimkatalia Lamduan kwa mara ya tatu. Aliibandika tena ile kadi iliyoning'inia shingoni mwake, taa ikawaka nyekundu vilevile, na watu waliokuwa nyuma yake wakahamia geti la pili.

"Hiyo siyo ya kupandia, mama," alisema mlinzi, dada mnene mwenye redio begani.

"Sitaki kupanda. Namtafuta baba yangu."

Mlinzi aliigeuza kadi, akaisoma kwa muda. Kisha akatazama miguu ya Lamduan: kandambili nyekundu kushoto, ya buluu kulia. Alitoka nyumbani mbio. Nani angechagua viatu?

"Baba amevaa nini?"

"Kaki ya reli, vifungo vya shaba. Ni mshika bendera hapa hapa."

"Haya. Kaa pale kwenye benchi, mama. Usitoke humu ndani." Mlinzi akampa kisogo, akaanza kuongea na simu kwa sauti ya chini.

Lamduan hakukaa. Angekaaje? Kile kituo cha pembezoni mwa Bangkok kilikuwa kitendawili kitupu: nyumba moja, milango miwili, wageni wasioamkiana. Kulia, ngazi za metro. Ukipotelea huko, treni itakuzungusha mjini na kukurudisha. Kushoto, treni ya wafanyakazi wanaolala nje ya mji, ile ya jioni inayokwenda hadi kwenye mashamba ya mpunga. Hiyo haikurudishi mpaka kesho. Huondoka saa kumi na mbili na dakika tano, na saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili kasoro dakika kumi. Baba akipanda ile, basi tena.

Alijua alipaswa kuogopa. Hakuogopa. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliolaliwa usiku kucha: upo, lakini si wako.

Karibu na ngazi alikaa Bunsi, mchoma ndizi.

"Umemwona baba yangu?"

"Kapotea?" Bunsi aligeuza ndizi zake. "Wangu mimi alipotea na akili zake timamu, pamoja na mke wa jirani. Huyo hatukumtafuta." Akamwekea ndizi moja ya moto kiganjani. "Kula, mama. Mwezi uliopita ulikula mbili."

Lamduan hakukumbuka kula. Ila mwezi uliopita aliukumbuka: zile purukushani, na sauti ya mlinzi juu ya kichwa chake ikisema, "Ngojeni saa kumi na mbili. Wimbo ukipigwa, wote watasimama. Asiyesimama ndiye tunayemtafuta." Na kweli, hivyo ndivyo mzee alivyopatikana.

Huo wimbo alifundishwa na baba mwenyewe, enzi kituo kilipokuwa cha mbao na kengele. "Mgeni wangu huja mara mbili kwa siku," baba alikuwa akimtegea, "na akifika, tajiri na mwizi husimama pamoja. Ni nani huyo?" Ni wimbo wa taifa, saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Halafu baba alimshika mabega ili asichezecheze. Sasa ni baba huyo huyo anayesahau kila kitu. Haidhuru. Watu wote watasimama, yeye atatembea, na Lamduan atamwona.

Vipaza sauti vikakwaruza. Wimbo ukaanza.

Mwanafunzi aliganda na mrija mdomoni. Makarani waliganda na mifuko yao ya mboga. Koleo la Bunsi lilibaki hewani, ndizi ikiungua chini yake. Lamduan akatazama upande wa metro: hakuna anayetembea. Akatazama upande wa pili: hakuna. Akajipenyeza kati ya watu, ndizi mkononi, akichungulia uso mmoja baada ya mwingine. Miili yao ilikuwa imekazwa. Macho tu ndiyo yaliyomfuata. Akamaliza safu moja, akaingia nyingine. Wimbo ulikuwa ukielekea mwisho.

Kisha akamwona, chini ya ngazi. Mvi zile zile, shingo ile ile nyembamba. Kumbe hakusahau hata kidogo: alisimama wima kama alivyomfundisha yeye, mikono ubavuni, uso mbele. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, kwa kuwa wimbo ulikuwa haujaisha.

"Baba," Lamduan alisema. "Nimekutafuta."

Wimbo ukaisha, kituo kikaanza kumwagika tena. Yule mwanamume akachutama, akatoa begini kandambili moja nyekundu, akamvua Lamduan ile ya buluu na kumvalisha taratibu. Mlinzi alisimama pembeni, simu bado mkononi.

"Ndiyo, mwanangu," yule mwanamume akamwambia mama yake mzazi. "Umenipata. Twende nyumbani."