Kinyaa cha Mjomba Firmin

Firmin alitema mate. Akaona hayatoshi, akasukutua kinywa kwa ramu na kuitema nayo. Ramu ilikuwa ya mizimu, lakini hakujali.

"Ondoa uchafu huo mbele ya mama yangu," alisema.

Uchafu wenyewe ulikuwa vyombo vya mpwa wake Nadège: gitaa, ngoma ya hekalu la Kitamil la kina babake, na kisanduku cha umeme chenye vifungo vilivyotapakaa kama upele. Mamake, Rosemay, ni dada yake Firmin. Babake ni Mtamil wa mashamba ya miwa. Binti alichota huku na huku, akakoroga, na kilichotoka hakikuwa na jina. Paris walikipigia makofi. Hapa kisiwani kwao, Saint-Benoît, uwanjani kwa marehemu nyanyake, hakijawahi kusikika, na hapa ndipo alipotaka kisikike kuliko kote.

Asubuhi hiyo walikuwa wakimkumbuka nyanya huyo, bibi Zélie. Wali na mchuzi wa kuku vilishawekwa kwenye majani ya mgomba. Kayamba na ngoma kubwa zilipigwa tangu alfajiri, na roho ya bibi haikumpanda mtu yeyote kichwani. Mwaka wa tatu huu hashuki.

"Niachie wimbo mmoja tu, mjomba," Nadège aliomba.

"Na bibi yako asiposhuka?"

"Sitapiga tena hapa. Hata siku ukifa wewe."

"Hasa nikifa mimi!"

Watu walicheka. Rosemay hakucheka.

"Kaka, huyu naye ni damu ya mama."

"Damu, sawa. Huo mkorogo ndio unanitia kichefuchefu. Haya, tapika, tumalize!"

Nadège alianza. Firmin alikaa juu ya pipa la ngoma yake, mikono kifuani, kwa ukaidi wa mtoto aliyenyimwa sukari. Kisanduku kilinguruma. Gitaa likaingia, kisha ile ngoma ya hekaluni, na juu yake sauti ya binti ikimwita Zélie kwa Kikreoli. Kinyaa kilimjaa Firmin mpaka utosini, macho yakamwingia kiza.

Kiza kilimtoka. Wimbo ulikuwa umekwisha, mfupi ajabu. Hata kupiga wimbo mzima hajui, aliwaza, akafurahi waziwazi.

"Mmeona? Nani kashuka? Hakuna!"

Sauti ilimtoka ikikwaruza. Nadège alikuwa akilia, na machozi hayo nayo yakamchefua.

"Kusanya takataka zako, mwanangu. Na nyinyi, mbona mmepiga magoti?"

Rosemay alikuja na kata ya maji, akammwagia miguu, nayo ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini.

"Taratibu, kaka," alisema. "Umecheza saa nzima. Mama ndiyo kwanza amekutoka kichwani."