Mlango Usiomjua Shija

Siku hizi nyumba za mtaa wetu humfungulia yule tu ambaye jina lake limetajwa ndani katika siku saba zilizopita. Ufunguo hakuna. Mlango husikiliza.

Shija alizaliwa baada ya mapacha, na Wasukuma humwita hivyo mtoto wa namna hiyo. Mama yake huitwa Mama Kulwa. Akitaka maji huita, "Kulwa! Doto!" Mapacha huendelea kucheza, na Shija ndiye huyaleta.

Jumanne alasiri alitoka shule, na mlango wa kwao ukagoma.

"Hufahamiki," ulisema kwa upole.

"Mimi Shija!"

"Kujitaja mwenyewe hakuhesabiki."

Mapacha walimchungulia dirishani wakicheka. "Mgeni, umetuletea zawadi gani?"

Shija aliondoka akifuta machozi. Alipopita mbele ya nyumba ya jirani yao, Bibi Milembe, mlango ukafunguka wenyewe. Ndani, bibi alikuwa akichambua mchele.

"Umenitaja, bibi?"

"Kila siku, mjukuu wangu. Namwambia paka, leo Shija hajapita kunisalimu."

Shija akakaa, akamsaidia. Jioni ilipoingia, wakasikia sauti ya mama yake uani.

"Kulwa! Doto! Yule mwenzenu yuko wapi?"

"Nenda, mama yako anakuita," bibi alisema.

"Bado hajaniita, bibi."

Shija akausogeza ungo karibu, akaendelea kuchambua mchele taratibu, bila kuuchakarisha, asije akakosa kusikia.