Paka Anayeitika

Wateja wa duka la vitu vya kuchezea walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba, kuanzia siku hiyo, vitu vyote vya betri vingejaribiwa mbele ya mnunuzi, na kwamba manyoya hayakuwa na dhamana. Bi Mgeni akamsogeza binti yake, Raya, karibu na meza. Tangu pacha wake azikwe, Raya hakuwa ametamka neno, na mama alitaka kumnunulia kitu ambacho angalau kingemwitikia.

Muuzaji akaweka mezani paka wa kuchezea. "Pusi!" Paka akafumbua macho, akalia.

Mfagiaji naye akatania, "Pusi, umeposwa?" Paka akamwitikia, kisha akasinzia.

"Haya, mwite, mwanangu," Bi Mgeni akasema.

Raya akampapasa mgongo. Paka hakuamka.

"Hakuna anayeamka kwa kuguswa, kaka?"

"Wote huamshwa kwa sauti, mama. Ndiyo sifa yao."

Raya aliendelea kupapasa, polepole, kama anayembembeleza mtu alale. Meneja akaitwa. Alisikiliza kwa heshima, akatafakari, kisha akaamua rasmi kwamba, kwa kuzingatia hali ya mtoto, angeruhusiwa kuchagua paka wa rangi nyingine.